Bastola ya Kufyatua Macho Wazi

Mjukuu wangu Mutua,

Mko salama huko? Sisi huku Muhaisnah kwa Waarabu tuko sawa, ni joto tu linatumaliza. Najua umenizidi miaka minne, lakini nyanya yako ni dada yangu, kwa hivyo babu ni mimi.

Umeuliza, sasa umepata leseni, ununue bastola gani ya kulinda duka, ya milimita tisa ama ile kubwa ya arobaini na tano. Kazi yangu ni kufagia maganda ya risasi kwa klabu ya shabaha, basi nimeona mengi.

Juzi mteja mmoja mnene, hapa tunawaita sir, alikataa ya tisa. "Hiyo ni ya watoto! Nipe arobaini na tano!" Akafumba macho, akafyatua, akajikuta amekaa chini. Akaninyooshea kidole. "Huyu amemwaga maji hapa!"

Bosi akaniangalia. Nikaona kazi imeenda. Nikaonyesha tu karatasi ya shabaha, haina hata tundu moja.

Bibi ya huyo sir, aliyekuja naye, akacheka. "Na karatasi nayo iliteleza?" Akachukua ya tisa, akatoboa katikati mara tano.

Bosi akaniambia, "Yalla, haya, fagia."

Nunua ya tisa, Mutua, ufanye mazoezi. Ile kubwa ni ya kupiga picha. Hata sir alipigwa picha nayo, ameshika karatasi aliyotoboa bibi yake.

Babu yako,
Musyoka