Krimu ya Sokoni Kwenye Kopo la Bei Ghali

Shoga, uko wapi? Nimejificha jikoni.

Mama mwenye nyumba amekuja kufanyiwa uso. Mteja wangu wa tatu tangu nianze kazi ya urembo!

Unaikumbuka ile krimu ya kupimiwa niliyonunua sokoni? Niliijaza kwenye kopo tupu la ile ya bei ghali, wateja wasinidharau. Ndiyo niliyompaka. Uso mzima!

Nimeshamaliza, ndipo akaliona kopo. Akacheka kwa raha. "Kumbe unajua kazi, mwanangu! Mimi naiweza hii tu. Nyingine zinanivimbisha uso mpaka nalazwa."

Mpaka nalazwa, shoga!

Nilitaka kumwambia ukweli. Badala yake nikasema nafuata maji ya kumnawisha.

Sasa hivi ameniita kutoka sebuleni. "Binti, panawasha kidogo. Ndiyo inafanya kazi, eti?"

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Nimesema ndiyo! Nimesema ndiyo, na uso ni wake!

Maji nimeshachota. Naenda kumnawisha, na hapo hapo namwambia, hata kama atanitoa kwenye nyumba yake leo leo.

Kitanda chako kinatosha wawili?