Karaveli Niliyoijenga kwa Chukudu ya Papa

Jumatano, saa tisa ya mchana. Mvua imekatika, mawe nyeusi ya barabara yetu hapa Majengo yanatoa mvuke, na volkeno imejificha ndani ya mawingu tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai yangu imepoa mara mbili.

Nimefanya kitu kibaya. Nikikiandika hapa, labda nitatulia.

Mimi ni deklaran, mutu wa kutengeneza makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka. Ofisi yetu imefungwa na hakuna anayejua itafunguliwa lini. Mwezi wa kwanza nililala. Mwezi wa pili nikagombana na kila mutu ndani ya nyumba, hata na kuku. Mwezi wa tatu nikaanza kujenga meli.

Ndiyo, meli. Karaveli, zile za matanga ambazo Wareno walifika nazo kwenye mdomo wa mto Kongo zamani za wafalme. Yangu ina urefu wa mkono wangu, kutoka bega hadi ncha za vidole. Hii kitu inanisumbua tangu shule ya msingi. Mwalimu alichora karaveli ubaoni, akatutajia kapiteni, akatutajia mfalme, akatutajia mwaka. Nikanyoosha kidole nikauliza: na yule aliyechonga mbao, jina lake nani? Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka hadi akavua miwani.

Mimi sikuwa natania. Papa alikuwa mutu wa mbao, nilitaka kujua tu.

Papa alikuwa na chukudu aliyoichonga mwenyewe. Kwa asiyeijua: ni kama baiskeli ya mbao tupu, haina kiti wala pedali. Unapakia magunia, unapiga goti moja juu ya ubao wa katikati, mguu wa pili unasukuma chini, na ukifika kwenye mteremko unamwachia Mungu. Miaka yote ya masomo yangu papa alishuka hivyo kutoka Kibumba, na viazi, na makabichi, mpaka sokoni. Pale pa kupigia goti alipigilia kipande cha kandambili kwa misumari minne ili asichubuke.

Alipozeeka akarudi Kibumba kulima, chukudu akaniachia. Imeegemea ukuta nyuma ya jikoni miaka mingi. Solange, mke wangu, alikuwa anaanikia matambara juu yake.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Meli inaanzia chini, kwenye mkuku, ule mti mmoja mrefu unaoshika mbavu zote. Ukipinda huo, yote imepinda. Mimi, mtoto wa mutu wa chukudu, nikafanya kama watu wa chukudu wanavyofanya: nikatafuta mti mbichi wa mkaratusi. Mbichi ni laini, unachonga bila kutoka jasho. Chukudu hata ikichongwa mbichi haina shida, inakauka barabarani chini ya mzigo, uzito unainyoosha. Lakini meli ya mezani haibebi kitu! Nilipachika mbavu kumi na nne, nikafurahi, nikamwita Solange aje aone. Baada ya wiki mbili mkuku ulikuwa umejikunja kama ndizi na gundi imeachia kila mahali. Nilikaa chini nikatukana mti. Kweli kabisa, mutu mzima anatukana mti.

Nilihitaji mbao kavu. Kavu ya miaka. Na mnajua ilikuwa wapi.

Nilibandua ile kandambili. Chini yake ubao ulikuwa safi, haujaguswa na mvua, hauna hata ufa, una kishimo kidogo, laini, cha goti. Nikashika msumeno. Sitasema sikufikiri. Nilifikiri, halafu nikakata.

Mkuku ulitoka mzuri sana, na hilo ndilo linaniuma. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Matundu manne ya misumari niliyaziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa hata jicho lisione kitu. Mbavu zimekaa, mbao za ubavuni zimekaa, milingoti miwili imesimama. Yamebaki matanga, na Solange ameshanipa shuka kuukuu.

Jana papa alipiga simu. Jumamosi ni dot ya Neema, dada yangu wa mwisho: bakwe, wakwe zake, watakuja hapa kwangu kutoa mahari. Papa alikuwa na furaha, anasema kwa sauti kubwa kama anayeongea na mutu wa ng'ambo ya ziwa. Akaniambia: "Ile chukudu yangu utaitoa, utaisugua muzuri, utaisimamisha mbele ya parsele, ku mulango ya kiwanja. Bakwe baone kitu chenye kililisha batoto yangu."

Nikajibu: "Ndiyo, papa."

Ndiyo papa! Na chukudu yenyewe iko vipande viwili nyuma ya jikoni.

Sikula jana. Leo saa mbili ya asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Kasereka, jirani anayebeba makaa. Amevimba mguu, anapumzika wiki hii, akaniazima chukudu yake bila kuuliza maswali. Nikaisukuma hadi kwangu, nikaiosha, nikaisugua kwa mafuta. Macho ya papa siku hizi yana ukungu. Nikajiambia hataona.

Solange alinikuta ninapigilia kipande kipya cha kandambili katikati yake. Alisimama pale na beseni kiunoni, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Weye, Papa Gloire, uko na akili kweli?" Nikagonga msumari mwingine. Akaendelea: "Unafikiri muzee atakuja kuiangalia kwa macho? Atapiga goti."

Akaingia ndani.

Nikapiga goti mimi. Ubao wa Kasereka ni tambarare, umechongwa kwa mutu mwingine, goti langu liliteleza. Ile ya papa nilikuwa nikiipanda utotoni, na goti langu dogo lilikuwa linazama ndani ya kishimo chake. Papa angeijua hata usingizini. Mbele ya bakwe, mbele ya Neema na kitenge chake kipya, angepiga goti kwenye uwongo wa mtoto wake. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikarudisha chukudu ya watu. Kisha nikapiga simu Kibumba kabla moyo haujageuka.

Nilisema yote kwa pumzi moja: msumeno, meli, ubao. Nilisikia jogoo wake akiwika, na upepo wa kule juu.

"Ulikata fasi gani?"

"Katikati, papa. Fasi ya goti."

Papa hajawahi kunipiga maishani, ila wakati ule ningependa anipige, yaishe.

"Na sasa iko wapi?"

"Iko chini ya meli. Ni yenyewe inashika mbao yote."

Alikohoa. Akauliza kama mti umepinda. Nikamwambia hapana, haujapinda hata kidogo. Akasema, "Hauwezi kupinda, ule." Halafu sauti yake ikawa ndogo, si ile ya jana.

"Jumamosi ile meli utaiweka pale, fasi ya chukudu. Utasimama mbele ya bakwe, ni wewe mwenyewe utaelezea chenye ulifanya. Na bakiuliza nani alichonga, utaanza na jina yangu."

Akakata. Hakusema kwaheri, na papa husema kwaheri hata kwa mbuzi.

Sijui kama amenisamehe. Ninaigeuza ile simu mkononi kama itanijibu. Nimezunguka parsele mara tano, Solange amenifukuza jikoni. Bado siku tatu, na mimi sijui kuongea mbele ya watu. Nitaanza na jina lake, halafu nini? Nitawaambia wakwe wa Neema kwamba mimi ndiye niliyekata?

Nitawaambia.

Nimegeuza meli juu chini mezani, milingoti ikining'inia nje ya ukingo. Nimechukua msumari mwembamba, ninatoboa ile gundi niliyozibia, polepole, ili matundu ya papa yaonekane. Mawili yako wazi. Yamebaki mawili.