Neno Ulilodai Hulijui

Baba,

Sauti yako iliyobaki nami si ile ya kunisimulia maneno jikoni. Ni ile ya uani kule bomani, ukihesabu viboko. Askari Msudani alipiga, nawe karani ukahesabu kwa Kiarabu chake, polepole, kila tarakimu safi, kana kwamba unafundisha. Aliyelazwa chini alikuwa Mjomba, kaka wa Mama, kwa kuwa alikataa kuwatoa watu wa kijiji chake wabebe mizigo hadi Kisaki. Ulifika hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, bila kukosea.

Jioni ile ile ulikula ugali ukashiba.

Nakuandikia kwa hasira, sitaificha. Ulinifundisha kupenda maneno, na sijui pa kuupeleka upendo huo. Tulikuwa tukipukuchua maharage, ukagonga meza: "Wareno waliondoka, mwanangu, hii wakatuachia na jina lake." Nilicheka. Nilidhani mtu anayelitunza neno hivyo hawezi kumtupa mtu.

Kwenye matanga yako watani hawakukuhurumia. Mmoja alivaa kofia yako, akajilaza mkekani. Wenzake wakamzunguka.

"Karani, amka! Umefika ngapi?"

"Mwacheni, akiamka ataanza upya!"

Watu walicheka, kama desturi inavyotaka. Mjomba naye alicheka, amesimama, maana mpaka leo hakai sawasawa. Mimi sikuweza.

Baada ya matanga padri akaja kuomba daftari lako la asili za maneno na misemo, likapigwe chapa Ulaya. Nikalisoma lote kwanza. Uliandika ya meza, ya chai, ya shule. Ukafika kwenye "hamsa ishirini", ambayo sasa kila mama anamtishia nayo mtoto aliyemwaga maji. Mbele yake uliandika: *Asili haijulikani.*

Haijulikani, Baba! Kwako wewe?

Mama alinisihi, "Mwache baba yako alale." Nilijaribu, siku tatu. Kisha nikayafuta maneno yako mawili, nikaandika msemo ulianzia wapi, nani alihesabu, nani alipigwa. Majina yenu yote mawili. Nilimsomea Mjomba. Akasema, "Andika na kwamba sikulia." Nikaongeza.

Kwaheri, Baba. Nitakuombea siku nitakayoweza. Naahidi hilo tu. Daftari nimemkabidhi padri mwenyewe, na jana lilishuka pwani.