Mshono Nilioufumua

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaikum. Huku Amu tu wazima. Mamako amepona homa, na paka wako amezaa tena chini ya ngazi.

Unasema kompyuta yako inakadiria jinsi dawa inavyoyeyusha damu iliyoganda ubongoni mwa mtu aliyepatwa na kiharusi, na kwamba hesabu yote huharibika jamaa wakitaja saa isiyo sawa ya ugonjwa kuanza. Ukaniuliza, kwani watu hawaoni?

Huona, mwanangu. Baba yangu alikuwa mshonaji kofia, hodari kweli. Asubuhi moja, nikiwa msichana, nilimpelekea chai nikaona matundu ya kofia aliyokuwa akishona yamekwenda upande. Mtu kama yeye! Alipotoka kwenda msikitini adhuhuri, niliufumua mshono ule nikaushona upya, asije akaaibika mbele ya wenzake. Alasiri mkono wake wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda. Daktari alipouliza ilianza lini, nikajibu, "Sasa hivi tu."

Dawa yenu haikuwako enzi hizo, nalijua hilo. Baba aliishi, akajifunza kula kwa mkono wa kushoto.

Basi usiwakasirikie jamaa. Wanamsitiri mtu wao. Waulizeni kwa upole, kisha waulizeni tena. Mimi hakuna aliyenirudia na swali lile mpaka wewe. Ilianza asubuhi, Salma. Chai yake ilikuwa bado ina moto.

Bibi yako,
Zena