Darubini Nzito ya Fundi Mwashi

Shangazi wa gazetini, marahaba, maana najua ungenisalimia kwanza, kwa umri wewe ni mjukuu wangu. Nina miaka themanini na tatu, nimewazika matajiri wote walioniajiri, na kuna nyumba nilizojenga mimi zimeshabomolewa kwa uzee lakini mwenyewe bado nimesimama wima. Naandika kwa mkono wangu, shule niliiacha mapema nikashika mwiko wa kujengea, kwa hiyo nukta utaziweka wewe.

Naomba msaada. Mke wangu alikuwa na ukungu machoni, akapasuliwa jicho moja kisha la pili, daktari akasema yamepona, tukashangilia, na yeye akasema anachotaka ni kimoja tu, kuziona nyota kwa karibu, maana miaka yote ya ukungu aliona giza tupu. Nikasema hilo niachieni mimi, watoto wasiguse, nikaenda dukani, muuzaji akaniwekea mezani darubini za macho mawili, ndogo na kubwa, nikazipima mkononi moja moja kama ninavyopima nyundo, maana kifaa cha kazi lazima kiwe na uzito, nikachukua nzito kuliko zote, imeandikwa ishirini kwa themanini. Muuzaji akasema, "Mzee, hii inataka miguu ya kusimamishia." Nikamwambia miguu ninayo miwili, inanitosha.

Siku hiyohiyo akaja shemeji, kaka wa mke wangu, yeye ni fundi saa, na yake kanunua, kidude cha nane kwa arobaini, nikakishika nikacheka mbele ya watu wote uani, nikasema hii ni ya kuhesabia kuku. Akanijibu, "Sawa shemeji, wewe na mzinga wako mtatusimulia."

Basi giza lilipoingia mke wangu akaishika yangu, akaielekeza kwenye Mshtarii, ile nyota kubwa, akaishusha. "Baba watoto," akasema, "zinatetemeka zote, zinachora mikia. Macho yangu hayajapona." Akaingia ndani, na tangu hapo jioni hatoki, na kliniki hataki kurudi. Mimi nilipoangalia nikaona zinatetemeka vilevile, ila sijamwambia, maana nikisema ubaya ni wa darubini shemeji atanicheka mpaka nifukiwe. Hakuna namna ya kuituliza hii nzito bila shemeji kujua?

*SHANGAZI ANAJIBU*

Shikamoo, Babu. Umenichekesha, halafu umeniudhi.

Darubini yako ni nzima, ila umeichagua kama nyundo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza nyota mara ishirini inakuza na mtetemo wa mkono mara ishirini, na ikiwa nzito hata mkono wa kijana hautulii. Inayokuza mara nane ni nyepesi, inatulia, inaonyesha anga pana, na kwa kuwa mboni za umri wenu hazifunguki sana gizani, kioo cha arobaini kinatosha kabisa. Hiyo nzito itafutie pa kukaa. Si muuzaji alikuambia?

Sasa lililo kubwa. Mwenzio anadhani kapofuka tena, wewe unajua si kweli, na umenyamaza kulinda mdomo wako? Aibu, Babu! Leo hii mwambie: hata mimi naziona zinatetemeka. Maneno hayo yatangulie. Kisha nenda kwa shemeji, uombe ile ya kuku kwa adabu. Mkalishe mama kwenye kiti chenye egemeo, viwiko avibane mbavuni, azungushe kigurudumu cha katikati taratibu mpaka nyota iwe nukta. Na shemeji acha acheke. Kicheko kingekuwa kinaua, wewe ungeshamaliza ukoo.

*MZEE AMETUANDIKIA TENA*

Shangazi, nimefanya. Mke wangu alinitazama weee, akasema, "Siku zote hizo, mwanaume wewe!" akanichapa kofi la bega. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuku wako wangapi leo, shemeji?" Nikamwacha amalize, nikachukua darubini nikaondoka, naye akanifuata nyuma.

Mke wangu alitoka uani mwenyewe bila kushikwa mkono. Akakaa, akabana viwiko, midomo ikamcheza, nikajua tumekwisha, kumbe anahesabu. "Pembeni ya Mshtarii kuna vinukta, vimejipanga mstari. Viko vinne." Shemeji akaruka, "Hiyo ni miezi yake, na haiwezekani, mimi kila siku naona vitatu!" "Basi kliniki nenda wewe," akaambiwa na dada yake. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Na ile nzito sijaitupa. Nimeijengea nguzo ya matofali kwa mikono hii hii, juu nikaweka mfuko wa mchanga, nikailaza, imetulia tuli, na sasa anayepanga foleni kuchungulia ni shemeji. Asiyeamini amuulize yeye, na akibisha aulizwe mke wangu, ndiye aliyeviona vile vinne wa kwanza, kwa macho yake mwenyewe, yote mawili.