Kisigino Chako Kwenye Albamu

Baba,

Albamu imekamilika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tunakula.

Wimbo uliomtungia Mama nusura uachwe nje. Nyimbo nyingine bendi yako ilizirekodi vizuri, na Anko Wafula, aliyeachiwa gitaa lako la besi, analicheza kwa adabu, kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Lakini huo wimbo wako ulikataa. Kijana wa mitambo aliwawekea mdundo wa mashine kwenye hedifoni ili waanze pamoja. Anko Barasa, mpiga dramu, akazivua zake, akazitupa juu ya dramu. "Hii kitu inalia kama mfereji umevuja," akasema. "Mwenyewe alikuwa anatuanzisha na kiatu."

Ilikuwa siku ya mwisho ya studio. Mimi na Mama tulikuwa tumewapelekea chai na mandazi, nami nimekaa na kitabu, unavyonijua, nikisoma mstari uleule. Walijaribu tena na tena. Kila mmoja aliingia kwa wakati wake, maana miaka yote hiyo hawakuhesabu, walikufuata tu. Mwishowe Anko Barasa akaweka fimbo za dramu chini. "Tuiwache. Iende na mwenyewe."

Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Baba, mimi najua ulivyoanza. Jioni zile hapa mtaani Pipeline, wewe ukifanya mazoezi, mimi nikisoma kwenye kochi, mdundo wa kisigino chako sakafuni ulinifikia mgongoni kabla ya masikioni. Mara mbili. Halafu unangoja. Unangoja mpaka mtu adhani umesahau, ndipo besi inaingia. Na Mama Shiru wa ghorofa ya chini anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio: "Baba Nekesa, sisi si ngoma!" Unacheka, unavua kiatu. Baada ya muda unakivaa tena.

Nikasimama. Unajua kusimama mbele za watu kulivyo kwangu. Hata darasani nikiitwa, sauti hubaki kwenye kiti.

"Anko, ni mara mbili. Halafu kuna kungoja."

"Kungoja namna gani? Tuonyeshe, Neki."

Viatu vyangu vya shule vina soli ya mpira, havitoi sauti. Mama akavua kimoja chake cha kanisani, chenye kisigino kigumu, akanisogezea. Nikavaa. Nikapiga mara mbili. Nikangoja, na mimi nilitaka kungoja huko kuishe na sikutaka kuishe. Kisha nikainamisha kichwa mara moja, kama ulivyokuwa ukiwaashiria. Wakaingia wote pamoja.

Walipomaliza, kijana aliuliza kama afute ule mlio wa kiatu. "Ukiigusa hiyo," Anko Barasa akamwambia, "utaenda nyumbani miguu peku."

Jumamosi tuliucheza wimbo huo hapa nyumbani. Tangu tukuzike, Mama Shiru hakuwa amegonga tena. Sikujua ukimya wa jirani unaweza kuumiza hivyo. Kisigino kikalia kwenye spika, mara mbili. Na katika kule kungoja, kabla ya besi, ufagio ukajibu kutoka chini. Mara mbili, polepole.

Mama akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni, akaweka kiganja pale ulipokuwa ukiweka mguu. Alikuwa anacheka, Baba. Na machozi yanamtoka.

Anko Wafula amesema likizo ikifika atanifundisha besi. Vidole vyangu ni vifupi na pengine sitakuwa mzuri. Nitajifunza hata hivyo. Nakuahidi jambo moja tu: pale pa kungoja sitapaharakisha, hata wote wakinitazama.

Pumzika, Baba. Kiatu usikivue.

Binti yako,
Nekesa