Mzinga Ulioombwa Kiambere

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Silas Kithaka Nyamu
Umri: miaka 53
Kazi: mwandishi wa makala za magazeti, na mkulima wa ndengu
Makao: Kiambere, Mbeere

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni bila kuitwa, kwa sababu Njoka, askari wa akiba wa kijiji chetu, yumo korokoroni na nasikia atashtakiwa kwa kumuua Ngari Njura kwa uzembe. Koplo Karimi amenitaka niseme nilichoona, si ninachofikiri. Nitajaribu.

Mnamo Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, mwendo wa saa tatu asubuhi, nilikuta umati karibu na kisima, chini ya shule ya msingi. Ndovu dume alikuwa kichakani, mguu wa mbele umevimba kwa jeraha la waya wa mtego. Ndovu mzima hupita akaenda zake. Huyu hakuweza kwenda, na alimfukuza kila aliyesogea. Watoto walikuwa wamefungiwa madarasani.

Naibu wa chifu, Bwana Gichovi, alipiga simu mbele yangu kwa ofisi ya wanyamapori. Alisema, "Huyu ni mkubwa. Tuleteeni mzinga, haraka." Alimaanisha bunduki nzito ya kuulia ndovu, ile ya mia nne hamsini na nane. Mtu mmoja akaongeza, "Na risasi iwe kama chupa ya soda." Watu walicheka. Sote pale tulielewa.

Njoka alikuwa na bunduki aliyopewa na serikali, ya saba nukta sita mbili. Ni ya kupigana na wezi wa mifugo. Koplo ameniuliza kama mimi ni mtaalamu wa silaha. Nimemjibu kwamba nimesoma, na kusoma si kosa la jinai. Risasi ya ile nzito ina uzito zaidi ya mara tatu ya hii. Mfupa wa kichwa cha ndovu ni mnene, na ndani una matundu kama sega la asali. Risasi nyepesi huweza kupotelea humo kabla ya kufika kwenye ubongo. Sheria ilipopiga marufuku uwindaji iliondoa bunduki nzito, haikupunguza ukubwa wa ndovu. Anayemtuma mtu kwa ndovu na risasi ya mwizi amemtuma na kijiti. Koplo amesema haya ni maoni. Nimemwomba ayaandike hata hivyo.

Karibu saa sita gari lilifika, watu wakashangilia. Dereva, Kirimi, alifunua turubai. Ndani mlikuwa na mizinga ya nyuki, mipya, pamoja na waya wa kuitundikia, mizinga ile ya kuzungushia shamba ili ndovu waogope nyuki.

Gichovi aliuliza, "Bunduki iko wapi?"

"Bunduki gani, mzee? Nimeambiwa Kiambere wanataka mzinga. Nikaona mmoja ni aibu, nikawaletea kumi."

Hakuna aliyecheka. Kwetu Mbeere mizinga hutundikwa mitini kila mahali. Aliyepokea simu alisikia neno analolisikia kila siku, na mimi simlaumu.

Umati ukamgeukia Njoka. Mmoja alimuuliza, "Kwani hiyo yako ni ya kupigia picha?" Mama mmoja mwenye mtoto shuleni alimwambia, "Wewe pumzika tu. Sisi tutazika."

Njoka alisema, "Hii haitoshi. Nitamkasirisha tu."

Nilisema asipige, simu ipigwe tena, na safari hii tuseme bunduki. Gichovi aliniambia, "Katiba, hapa si gazetini." Katiba ndilo jina ninaloitwa kijijini. Kisha akamwambia Njoka, "Piga. Mimi ndiye serikali hapa." Niliyasikia maneno hayo. Niko tayari kuyarudia mbele ya Gichovi, na mbele ya yeyote aliye juu yake.

Njoka alipiga mara mbili, kichwani. Hakukosa shabaha. Ndovu alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi, akatoka kichakani, na ule mguu haukumzuia. Ngari Njura alikuwa njiani na mbuzi wake, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Ngari alimwoa dada yake Njoka. Aliita, "Shemeji," mara moja tu, ndovu akamkanyaga. Njoka alikimbia kumwelekea ndovu, akipiga mpaka risasi zikamwishia. Hilo nalo liandikwe.

Ndovu aliuawa alasiri kwa risasi moja ya bunduki nzito. Ililetwa baada ya Gichovi kupiga simu tena na kuiomba kwa Kiingereza.

Njoka hakuichagua bunduki ile, wala saa ya kuitumia. Ukitafutwa uzembe, utafutwe kwa waliochagua.

Koplo amenisomea yote niliyosema. Pale Gichovi alipoomba mzinga, yeye alikuwa ameandika "mzinga wa nyuki". Alitaka kuyafuta maneno "wa nyuki" yasionekane. Nimemwomba apige mstari mmoja tu juu yake, ili hakimu naye aone. Niliyoyasema ni ya kweli, na ni yangu mwenyewe.

Sahihi: S. K. Nyamu

Afisa: Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili; amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Maneno "wa nyuki", ukurasa wa kwanza, nimeyapiga mstari mmoja kama alivyoomba. Yanasomeka.

Koplo Purity Karimi